Picha zako za chui milia zimeharibika? Anza na dalili, kamera baadaye

Mimi kazi yangu ni kuendesha watalii huku Arusha, kamera nilianza kwa kuazima ya mgeni, na India nimeshaenda mara mbili kumfuata chui milia, mara ya kwanza Ranthambore kule Rajasthan na ya pili Tadoba, Maharashtra. Tangu nirudi watu wanaoenda kule wananitumia picha zao wananiuliza "mzee hii imekuwaje", na nimegundua makosa ni yaleyale saba nane yanajirudia, na karibu yote mtu analaumu kamera wakati kamera haina kosa. Basi nimeyapanga hapa kwa dalili, sababu inayotokea sana naitaja kwanza, angalia vitu rahisi kabla hujaanza kufungua menyu au kumtafuta fundi.

Kitu kimoja ujue mapema. Gari la kule si kama letu la paa la kufungua. Ni Gypsy, kagari kadogo ka wazi kasiko na paa wala vioo, abiria 6, na Ranthambore kuna pia lori la wazi la watu 20 ambalo wao wanaliita kenta, kenta kabisa kama sisi. Chui akitokea barabarani, Gypsy na kenta zote zilizokuwa jirani zinakuja palepale, injini zinanguruma, vumbi linapanda, watu wanasimama kwenye viti. Matatizo mengi ya hapa chini yanazaliwa kwenye hizo dakika tatu.

"Picha zote zimetikisika, hakuna hata moja iliyonyooka"

Hii ndo namba moja, na ilinipata mimi mwenyewe. Asubuhi ya kwanza Ranthambore, jike katoka majanini kavuka barabara taratibu, nikapiga picha zaidi ya mia nikijua nimemaliza kazi, jioni nafungua kwenye laptop hakuna hata moja, yaani mistari yake imekuwa kama imechorwa na kalamu iliyolowa.

Kabla ya yote fungua picha uikuze mpaka asilimia 100 uangalie imeharibika vipi. Kama kila kitu, chui na majani na mawe, kimevutika upande mmoja, ni mtikisiko. Kama kichwa kimetulia ila miguu imefifia, mnyama alikuwa anakwenda na wewe spidi ilikuwa ndogo. Kama nyasi za mbele ziko safi na chui hana macho, hilo ni la fokasi, ruka uende sehemu inayofuata.

Sababu ya kwanza ya mtikisiko ni injini. Dereva hajazima, kwa sababu anataka awe tayari kurudi nyuma au kukimbilia mbele chui akibadili njia, na ile Gypsy ikiwa sailensa, yaani imesimama injini inawaka, inatetema kama mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa nimezoea gari ninaloliendesha mwenyewe, nikitaka kupiga nazima, kule nikasahau kabisa kwamba ufunguo uko kwa mtu mwingine. Mwambie kabla hamjaingia getini, kwa adabu: "bhaiya, gaadi band", yaani kaka, zima gari. Na hilo gaadi lao ndo gari letu, neno tulilichukua kwao, kwa hiyo hata ukikosea matamshi atakuelewa.

Ya pili ni watu mlio nao. Injini imezimwa lakini mama wa kiti cha nyuma anahama upande, mtoto anaruka, gari zima linacheza kwenye springi. Hapo mnakubaliana mapema, mkifika kwa chui mtu akae alipo. Hawakubali wote, lakini wawili wakikubali ni nafuu.

Ya tatu ndo spidi ya shata. Ukiwa na lenzi ya milimita 400 usishuke chini ya 1/500 ya sekunde hata chui akiwa amelala, akitembea weka 1/1000, akikimbia au watoto wakicheza 1/2000. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande, iweke otomatiki uiwekee kikomo ambacho kamera yako inakivumilia. Picha yenye chenga chenga unaweza kuisafisha baadaye, iliyotikisika hamna dawa. Na ile swichi ya kutuliza mtikisiko kwenye lenzi inasaidia mkono wako tu, haimsimamishi mnyama, watu wengi hapo ndo wanajidanganya.

Tripodi usibebe, haina pa kusimama. Beba mfuko mtupu wa kitambaa kizito wenye zipu, ukifika Sawai Madhopur, mji wa jirani na Ranthambore, nunua mchele kilo mbili sokoni ujaze, uweke juu ya chuma cha Gypsy na lenzi juu yake. Siku ya kuondoka mchele unampa mtu anapika.

Ukisharekebisha hayo yote na picha za karibu ziko safi ila za mbali zinaonekana kama mnyama yuko ndani ya maji, hilo ni joto. Mwezi wa 4 na wa 5 Rajasthan inapita digrii 40, kuanzia saa nne asubuhi hewa juu ya mchanga inachemka na hakuna lenzi ya bei yoyote inayopenya hapo. Subiri asogee, au rudi kesho alfajiri.

Simama umwachie fundi: kama hata ukiweka kamera mezani, ukapiga ukuta wenye maandishi kwa 1/1000 mchana kweupe, upande mmoja wa picha uko safi na mwingine umefifia. Hapo kuna kioo kimehama ndani ya lenzi, mara nyingi ilidondoka au iligonga chuma njiani. Usiifungue mwenyewe na bisibisi ya simu, tafadhali.

"Nyasi ziko safi, chui ndo hana fokasi"

Mistari ya huyu mnyama ilitengenezwa kwa ajili ya nyasi, kwa hiyo kamera yako inachanganyikiwa kama swala anavyochanganyikiwa. Sababu kubwa ni kuacha kamera ichague yenyewe pa kushika. Kama ni kamera mpya yenye kutambua macho ya wanyama, hakikisha umeiwekea wanyama, maana wengi inakuwa bado iko kwenye watu tangu harusi ya Jumamosi. Kama majani yako mbele ya uso, achana na macho ya otomatiki, weka kidoti kimoja kidogo katikati, kilenge kwenye jicho au kwenye ile pua ya waridi.

Ikiwa lenzi inakwenda mbele nyuma mbele nyuma haishiki kabisa na chui yuko karibu sana, angalia swichi ya pembeni ya lenzi, ile ya kuweka mipaka ya umbali. Ukiwa umeiweka ianzie mita 6 kwenda mbali na chui akapita mita 4 kutoka kwenye tairi, na kule wanapita kweli kwa sababu wanapenda kutembea barabarani, haitashika hata ukibonyeza mpaka kidole kiume. Nimeona mtu anataka kulia kwa hiyo swichi.

Baada ya hapo ndo futa zile pini za shaba kati ya lenzi na bodi kwa kitambaa kikavu laini. Na kama ni DSLR, ile kamera yenye kioo cha kupinduka ndani, na kila picha, siku zote, inashika nyuma kidogo au mbele kidogo ya pale ulipolenga, hiyo inahitaji kupimwa na fundi, usibahatishe na menyu usiku wa kuamkia safari.

"Kila picha ina kofia, simu na kisogo cha mtu"

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hili ndo la kule hasa, na sisi wa Serengeti hatuwezi kuwacheka, tunajua Mto Mara unavyokuwa nyumbu wakivuka.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba mlifika wakati wote wamefika. Mlio wa swala wa kuonya umesikika, madereva wameambiana, mkaenda mahali ambapo chui yuko. Sasa mahali alipo pameshajaa. Picha nzuri iko mahali atakapokuwa. Muulize mwongozaji wenu chui anaelekea wapi, wao wanajua, huyu jike ana dimbwi lake, ana njia yake ya kupandisha kilimani. Halafu, na hapa abiria wenzako watakuona mwehu, mwambie dereva atoke kwenye ule msongamano, azunguke, akasimame mita mia mbili mbele kwenye njia anayotegemewa kutokea. Mara nyingine unakosa kabisa. Tadoba tulitoka hivyo, tukakaa dakika arobaini kwenye kivuli cha mianzi injini imezimwa, mama mmoja ananung'unika kwa Kihindi na sihitaji mkalimani, halafu dume likatoka kwenye kona linatembea katikati ya barabara peke yake, kichwa kimeinama, linakuja kwetu. Mlio pekee ulikuwa wa kamera yangu. Yule mama baadaye akanipa chungwa.

Sababu ya pili ni kiti. Viti vya nyuma vya Gypsy vimepandishwa juu, unaona mbali lakini picha zote zinatoka kama umempiga chui kutoka dirishani ghorofani, na vichwa vya mstari wa mbele vyote viko kwenye fremu. Omba mstari wa kati. Chui akiwa karibu usisimame, shuka chini, pigia kati ya vyuma, uwe usawa wa macho yake kadiri inavyowezekana. Kisogo kimoja kikiingia kwa bahati mbaya, apecha, lile tundu la lenzi, ya f/4 au f/5.6 inakifanya kivuli laini, ukiwa na f/11 unakihesabu nywele.

Ya tatu ni lenzi. Wenye 600 isiyozumu ndo huwa wanaumia, chui kaja karibu wanapata sikio na nusu ya ndevu. 100-400 au 150-600 inakutosha, na ukiwa na bodi ya pili yenye 70-200 wewe umeshamaliza. Na ukikwama kabisa katikati ya magari kumi na tano, piga hayo magari. Picha ya foleni ya Gypsy na chui mdogo pale katikati inasema ukweli wa pale kuliko uso mwingine mkubwa wa chui.

Simama hapa, hata kama dereva anaendelea: ikiwa magari yameziba mbele na nyuma na chui hana pa kupita. Tarehe 31 Desemba 2024, kwenye hifadhi ya Umred-Pauni-Karhandla huko Maharashtra, magari yalimzingira jike anayejulikana kama F2 na watoto wake watano, video zikasambaa, madereva na waongozaji wakasimamishwa, na mahakama kuu ya Bombay, tawi la Nagpur, ikalichukua suala yenyewe bila kusubiri mtu ashtaki. Mwambie wenu arudi nyuma afungue njia.

"Rangi si yake, kawa kama chungwa la plastiki, au uso mweupe hauna kitu"

Jua limempiga kwenye msitu mweusi, kamera ikaona giza ikaongeza mwanga, ile rangi ya machungwa ikaungua. Punguza kidogo, -0.3 mpaka -0.7, na ufungue histogramu, ile grafu ya mwanga, inayoonyesha rangi tatu, angalia nyekundu peke yake maana ndo inaungua ya kwanza wakati nyingine ziko sawa. Akiwa kwenye nyasi kavu nyeupe za kiangazi mambo yanageuka, kamera inapunguza mwanga, hapo ongeza kidogo. Kivulini anatoka wa bluu, weka mizani ya rangi kwenye mawingu. Ukipiga RAW, lile faili ghafi la kamera, haya yote unayarekebisha ukiwa umekaa, ukipiga JPEG shauri yako.

"Siku tatu, sijaona hata mkia"

Hii si kamera lakini ndo inayoulizwa kwa uchungu. India kwa sensa ya 2022 inakadiriwa ina chui milia 3,682, ni wengi kuliko nchi yoyote, ila usifikiri wamekaa wanakusubiri. Sababu ya kwanza ni safari chache, mtu kaweka mbili tu, kila moja kama saa tatu na nusu, anadai chui. Weka sita ukiweza. Sababu ya pili ni kanda. Ranthambore ina kanda 10 na kibali chako ni cha kanda moja tu, huwezi kuhamia nyingine kwa sababu umesikia jirani wameona. Kanda 3 na 4 ndo zenye yale maziwa, Padam Talao, Rajbagh na Malik Talao, kule alikotawala Machli, jike lililopigwa picha kuliko pengine chui yeyote duniani mpaka alipokufa Agosti 2016. Kwa hiyo zinagombaniwa, nunua miezi kadhaa kabla.

Msimu nao. Mvua ikianza hifadhi nyingi zinafunga maeneo ya ndani kuanzia Julai mpaka mwisho wa Septemba. Kuanzia Machi mpaka Juni maji yanabaki kwenye madimbwi machache, chui anakuja kulala majini, wewe unaungua lakini unaona. Desemba na Januari ni kuzuri kwa mwili, ila asubuhi kuna ukungu na nyasi ni ndefu.

Na ukiwa porini acha kuangalia, sikiliza. Chital, yule swala wa madoadoa, analia kwa mlio mwembamba mkali, na yeye huwa anashtuka hata kwa mambo madogo, usimwamini peke yake. Kima wa uso mweusi, langur, anakohoa kutoka juu ya mti na yeye anaona mbali. Lakini sambar, yule kulungu mkubwa, akitoa ule mlio wake mzito mmoja, halafu mwingine, mkia umesimama na mguu anaupiga chini, washa kamera. Sambar hana utani.

"Kamera imegoma pale pale"

Umebonyeza ukaachia mfululizo sekunde nne, bafa, ile kumbukumbu ya muda ya kamera, imejaa, kadi yako ni ya polepole. Piga vipande vifupi, tatu nne unaachia. Kama ni betri, zile za bei rahisi baridi ya Januari inazimaliza mapema, weka ya akiba mfuko wa ndani karibu na mwili. Ikiandika kadi ina kosa: simama, usifomati, usiendelee kupiga juu yake, itoe iweke pembeni uweke nyingine. Picha mara nyingi bado zimo na mtaalamu wa kurejesha data anaweza kuzitoa, lakini kila picha mpya unayopiga juu inafukia ya zamani.

"Madoa meusi, na lenzi imejaa mvuke"

Madoa yale yale mahali pale pale kwenye kila picha ni vumbi kwenye sensa, na umelipata kwa kubadili lenzi barabarani kenta ikiwa imepita. Usibadili lenzi ndani ya hifadhi, basi. Pampu ya mpira unaruhusiwa, kamera imeangalia chini. Mdomo hapana, mate yanaruka. Makopo ya hewa hapana. Doa lisipotoka kwa pampu, lipeleke kwa wanaosafisha sensa, kioo kile kikipata mkwaruzo kukibadili ni bei ya kamera nyingine.

Mvuke unatokana na chumba chenye AC. Umelala kwenye digrii 18 umetoka nje kwenye 35, kioo kinalia. Acha kamera ndani ya begi limefungwa nusu saa hivi kabla hujaitoa. Usifute ukaendelea. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo siku kadhaa baadaye, hiyo ni kuvu, usiiweke na lenzi nyingine, ipeleke kwa fundi.

"Nimekataliwa getini"

Pasipoti uliyobeba si ile uliyojaza kwenye kibali, au jina limeandikwa tofauti. Hakuna kubembeleza. Au umeenda siku imefungwa, Tadoba Jumanne hawafungui, na hifadhi za Madhya Pradesh kama Kanha na Bandhavgarh Jumatano mchana hakuna safari. Au unategemea kupiga kwa simu wakati hifadhi imepiga simu marufuku ndani, Tadoba wako hivyo. Drone usibebe kabisa.

"Chui ameanza kutuangalia vibaya"

Hii haina sababu za kuchambua, ina hatua. Masikio yamelala nyuma, mkia unapigapiga au umesimama, meno yako nje na anatoa sauti ya chini: kamera chini, kaa, mikono na lenzi ndani ya gari, nyamaza. Anayeamua ni dereva na mwongozaji, na wao wakianza kurudi nyuma usiseme "one minute". Jike mwenye watoto au aliye kwenye mzoga, hapo usisubiri hata dalili. Usishuke garini hata kofia ikidondoka, hata kifuniko cha lenzi. Na kama ni mwenzenu ndo amebadilika, ameacha kutoka jasho kwenye lile joto, kichwa kinamuuma, anaongea vitu havieleweki, safari imeisha, kivulini, mmwagieni maji mwilini, hospitali, usimpe kidonge cha kichwa mkaendelea kumsubiri chui.

Kuna mtu ataniuliza, kama mwongozaji anataka kuondoka na mimi sijapata picha, nimwongeze hela kidogo abaki? Usimwongeze. Likitokea la kutokea leseni inayofungiwa ni yake, wewe unakuwa umeshapanda ndege.